Kuchagua Saa Njema kwa Panchanga Ukiwa Afrika Mashariki: Mwongozo Kamili

Wanaotaka kufungua duka, kuhamia nyumba mpya au kuanza safari kwa kufuata desturi ya Kihindu hukwama karibu wote mahali pamoja. Hupata kalenda iliyochapishwa Ahmedabad au Mumbai, au hufungua programu ya simu ambayo bado imewekwa kwenye mji wa India, kisha huzichukua saa zake kama zilivyo. Walio makini zaidi hupunguza saa mbili na nusu katika kila kitu na kudhani kwamba kazi imekwisha. Njia zote mbili hutoa saa isiyo sahihi, kwa sababu panchanga, yaani kalenda ya Kihindu ya kuchagulia siku na saa, ina nyakati za aina mbili ambazo hazibadilishwi kwa kanuni moja: nyakati za mwezi, ambazo hutokea kwa dakika ileile duniani kote, na nyakati za jua, ambazo hutegemea mawio na machweo ya mahali ulipo.

Mwongozo huu unahusu shughuli za kawaida kama biashara, nyumba, chombo cha usafiri na safari. Ndoa haimo, kwa kuwa inahitaji kulinganisha nyota za watu wawili, na hiyo ni kazi ya mnajimu wa Kihindu, yaani jyotishi. Mambo ya dharura pia hayamo: mgonjwa hapelekwi hospitali kwa kusubiri saa njema.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta panchanga ya mwaka unaohusika, iwe ya kuchapishwa au ya simu, mradi inaonyesha saa ya kumalizika kwa tithi (siku ya mwandamo), nakshatra (fungu la njia ya mwezi), yoga (hapa si mazoezi ya mwili, bali kipimo cha jumla ya mahali pa jua na mwezi) na karana (nusu ya tithi). Hizo nne, pamoja na siku ya juma, ndizo sehemu tano za panchanga.

Pata saa za mawio na machweo ya mji wako kwa tarehe unazozifikiria. Saa za jirani hazitoshi, kwani Mombasa na Kampala hutumia saa moja ya ukutani ilhali jua haliwachomozei pamoja.

Pata nakshatra ya kuzaliwa ya mwenye shughuli. Familia nyingi huwa nayo katika karatasi ya nyota iliyoandikwa mtoto alipozaliwa.

Andaa karatasi, kikokotoo, na orodha ya tarehe tatu au nne zinazowezekana. Anayepima tarehe moja tu huishia kuitafutia visingizio ili ipite.

Mwisho, uliza nyumbani ni desturi gani inayofuatwa. Wenye asili ya Gujarat, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, huzoea choghadiya, yaani mafungu manane ya mchana, mengine mema na mengine ya nuhusi, na wenye asili ya India ya Kusini hutazama zaidi Rahu Kaal, fungu moja la mchana linaloepukwa kila siku. Hakuna haja ya kugombana juu ya lipi lenye nguvu. Hatua ya 6 inaonyesha namna ya kuyapima yote mawili kwa hesabu moja.

Hatua ya 1: Taja kitendo kimoja kitakachokuwa mwanzo

Kufungua duka ni shughuli ya siku nzima, lakini muhurta, yaani saa njema iliyochaguliwa, ni ya kitendo kimoja: kuwasha taa mbele ya mungu Ganesha, kuvuka kizingiti na chungu cha maji, kupasua nazi mbele ya gari jipya, au kuandika mstari wa kwanza katika daftari la hesabu. Amua ni kitendo gani, na ukiandike juu ya karatasi.

Sababu yake ni kwamba saa njema mara nyingi huwa fupi. Asiyejua ni kitu gani hasa kinachopaswa kuangukia ndani yake huukuta muda umeisha wageni wakiwa bado wanakunywa chai.

Hatua ya 2: Ondoa vipindi vinavyofungwa

Kabla ya kuhesabu chochote, futa tarehe zinazoangukia katika vipindi ambavyo desturi huvikwepa. Pitru Paksha, nusu ya giza (siku za mwezi kupungua) inayotengwa kwa ajili ya kuwakumbuka waliofariki, huangukia zaidi Septemba na wakati mwingine huingia Oktoba. Mambo mapya hayaanzishwi humo. Wagujarati huepuka pia Kamurta, kuanzia katikati ya Desemba jua linapoingia buruji ya Mshale, hadi sikukuu ya Uttarayan tarehe 14 Januari. Mwezi wa ziada, adhika masa, huongezwa takriban kila baada ya miezi 32 au 33 ili miezi ya mwandamo isiachane na majira. Mwaka 2023, kwa mfano, mwezi wa Shravana ulikuja mara mbili.

Chaturmas, miezi minne inayoishia mwezi wa Kartika, huzuia ndoa na kuhamia nyumba mpya, lakini biashara ya kawaida huendelea. Wapo wanaofunga kila kitu kwa miezi yote hiyo, na huo naona ni uangalifu uliopita kiasi.

Kuna siku ambazo zina heshima kiasi kwamba wengi hawazipimi tena. Chaitra Shukla Pratipada, Akshaya Tritiya, Vijayadashami na siku ya kwanza ya Kartika hutajwa pamoja kama muhurta tatu na nusu, moja kati yake ikihesabiwa kuwa nusu. Kwa mfanyabiashara wa Kigujarati, ongeza Labh Pancham, siku ya tano ya Kartika, ambayo maduka hufunguliwa tena baada ya Diwali. Hata katika siku hizo, fanya hatua ya 6.

Tahadhari: Gujarat, Maharashtra na India ya Kusini humaliza mwezi siku ya mwezi kufa, na sehemu kubwa ya India ya Kaskazini humaliza siku ya mwezi mpevu. Kwa hiyo nusu ya giza huitwa kwa majina mawili tofauti katika kalenda mbili zilizo sahihi. Usichanganye kalenda za pande hizo.

Hatua ya 3: Badilisha nyakati za mwezi

Tithi ni muda ambao mwezi huliacha jua nyuma kwa nyuzi 12. Zipo 30 katika mwezi mmoja, 15 za nusu nyeupe, mwezi unapokua, na 15 za nusu ya giza. Kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani kila siku, tithi moja inaweza kuchukua takriban saa 19 hadi 26. Nakshatra ni fungu moja kati ya mafungu 27 ya njia ya mwezi. Haya ni matukio ya angani, na hayamngoji mtu wa mji wowote.

Kwa hiyo hapa, na hapa tu, unapunguza. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, punguza saa mbili na nusu kutoka saa ya India. Ukiwa Lubumbashi, Kigali au Bujumbura, punguza saa tatu na nusu. Ukiwa Muscat, punguza saa moja na nusu.

Kisha uliza: ni tithi gani iliyopo jua linapochomoza kwako? Hiyo ndiyo inayoipa siku jina lake. Tuseme tithi ya kumi inamalizika saa 12:10 asubuhi kwa saa ya India, na jua la Mumbai limechomoza saa 12:05. Huko siku inahesabiwa kuwa ya kumi. Dar es Salaam tithi hiyo imemalizika saa 9:40 usiku, watu wakiwa wamelala, na jua linapochomoza tayari ni ya kumi na moja. Ni tarehe moja yenye majina mawili, na hakuna kalenda iliyokosea.

Tahadhari nyingine ndogo: baadhi ya panchanga huandika saa kama 26:15. Maana yake ni saa 8:15 usiku wa kuamkia kesho. Siku ya Kihindu huanza mawio na kuisha mawio yanayofuata, hivyo usiku huo bado ni wa siku iliyotangulia.

Umefaulu hatua hii ikiwa kila tarehe yako ina tithi na nakshatra zilizoandikwa pamoja na saa ya kumalizika ya hapa ulipo.

Hatua ya 4: Pima tithi, nakshatra, karana na yoga

Tithi za 4, 9 na 14 katika nusu zote mbili huitwa rikta, yaani tupu, na hazianzishwi jambo la kudumu. Amavasya, siku ya mwezi kufa, nayo huachwa, ingawa ibada ya Diwali ya mungu wa kike Lakshmi hufanyika siku hiyohiyo. Sikukuu ina kanuni zake. Kwa ujumla nusu nyeupe hupendelewa kwa kitu kinachotarajiwa kukua.

Nakshatra huchaguliwa kwa tabia ya shughuli. Rohini, Uttara Phalguni, Uttara Ashadha na Uttara Bhadrapada huhesabiwa kuwa imara, nazo hufaa msingi wa nyumba na kuhamia. Punarvasu, Svati, Shravana, Dhanishtha na Shatabhisha ni za mwendo, nazo hufaa chombo cha usafiri na safari. Ashvini, Pushya na Hasta ni nyepesi, nzuri kwa biashara na masomo. Mrigashira, Chitra, Anuradha na Revati ni laini, nazo hukubali mambo mengi ya heri. Bharani, Magha na zile tatu zinazoanza kwa Purva ni kali, Ardra, Ashlesha, Jyeshtha na Mula ni za makali zaidi, ziache. Krittika na Vishakha ni za mchanganyiko, na kwa anayeanza ni salama kuziruka.

Karana ni nusu ya tithi, na inayotakiwa kukwepwa ni moja, Vishti, ambayo wengi huiita Bhadra. Watu hudhani ni vigumu kuitafuta, kumbe mahali pake hapabadiliki. Katika nusu nyeupe hukaa nusu ya pili ya tithi za 4 na 11, na nusu ya kwanza ya tithi ya 8 na ya mwezi mpevu. Katika nusu ya giza hukaa nusu ya pili ya tithi za 3 na 10, na nusu ya kwanza ya 7 na 14. Ndiyo maana katika Raksha Bandhan, inayofanyika siku ya mwezi mpevu wa Shravana, dada huonekana wakisubiri kwa saa kadhaa kabla ya kumfunga kaka uzi.

Kwa yoga, futa Vyatipata na Vaidhriti, kisha endelea.

Hatua ya 5: Ipime siku kwa mwenye shughuli

Siku njema kwa wote inaweza isiwe njema kwa mmoja. Hesabu kutoka nakshatra ya kuzaliwa hadi nakshatra ya siku, ukizijumuisha zote mbili, kisha gawanya kwa tisa na utazame baki. Baki ya 3, 5 au 7 haifai. Baki ya 2, 4, 6, 8 au 0 ni njema. Baki ya 1 ni ya katikati. Ikiwa hesabu haifiki tisa, hiyo namba yenyewe ndiyo baki.

Chukua aliyezaliwa Rohini, ambayo ni ya 4 katika orodha. Pushya, inayosifiwa sana kwa ununuzi, ni ya 8. Ukihesabu Rohini, Mrigashira, Ardra, Punarvasu, Pushya, unapata 5, na siku hiyo haimfai. Uttara Phalguni, iliyo ya 12, inampa 9, yaani baki 0, na inamfaa.

Washirika wawili wa biashara wakitofautiana, mpime yule atakayefanya kile kitendo ulichokiandika katika hatua ya 1.

Hatua ya 6: Gawanya mchana wa mji wako

Hapa ndipo kazi inapoharibika, hivyo twende taratibu. Rahu Kaal na choghadiya hazipunguzwi wala haziongezwi saa kutoka India. Huhesabiwa upya kutokana na mawio na machweo yako.

Chukua muda kutoka mawio hadi machweo, ugawe kwa nane. Rahu Kaal huangukia sehemu ya 8 Jumapili, ya 2 Jumatatu, ya 7 Jumanne, ya 5 Jumatano, ya 6 Alhamisi, ya 4 Ijumaa na ya 3 Jumamosi.

Choghadiya hutumia sehemu nane hizohizo kwa mzunguko huu: Udveg, Char, Labh, Amrit, Kaal, Shubh, Rog, kisha unarudi mwanzo. Jumapili huanza na Udveg, Jumatatu Amrit, Jumanne Rog, Jumatano Labh, Alhamisi Shubh, Ijumaa Char na Jumamosi Kaal. Amrit, Shubh na Labh ni njema. Char inafaa hasa kwa safari. Udveg, Rog na Kaal ni za nuhusi. Mzunguko wa usiku ni mwingine, usiutumie huu baada ya machweo.

Mfano: Ijumaa ya Julai Dar es Salaam, jua likichomoza saa 12:34 asubuhi na kuzama saa 12:18 jioni. Mchana una dakika 704, na kila sehemu ina dakika 88. Char ni saa 12:34 hadi 2:02 asubuhi. Labh hadi 3:30. Amrit hadi 4:58. Kaal hadi 6:26 mchana. Shubh hadi 7:54. Rog hadi 9:22. Udveg hadi 10:50. Na Char tena hadi machweo.

Rahu Kaal ya Ijumaa ni sehemu ya nne, yaani saa 4:58 asubuhi hadi 6:26 mchana. Sasa litazame jedwali la kawaida linalosambazwa kwenye simu: linasema saa 4:30 hadi 6:00, kwa kuwa linadhani jua huchomoza saa 12:00 kamili kila mahali. Mtu aliyengoja hadi saa 6:05 ili awashe taa yake amewasha ndani ya kile alichokuwa akikikimbia.

Ukihitaji saa ya akiba, tumia Abhijit. Ugawe muda uleule wa mchana kwa 15 na uchukue fungu la 8. Katika mfano wetu ni saa 6:03 hadi 6:49 mchana. Haitumiki Jumatano, na Ijumaa hii nusu yake ya mwanzo imemezwa na Rahu Kaal, hivyo kinachobaki ni saa 6:26 hadi 6:49, ambacho kwa bahati kimo pia ndani ya Shubh. Wengi hudhani Abhijit ni saa sita kamili. Dar es Salaam jua hufika utosini kwa wastani karibu saa 6:23, na Kampala karibu saa 6:50.

Wanaoishi Uingereza wawe waangalifu zaidi. Leicester, ambako wengi wenye asili ya Gujarat waliotoka Uganda na Kenya walihamia, sehemu moja ya nane huzidi saa mbili mwezi Juni, na haifiki saa moja mwezi Desemba.

Kwa kuwa panchanga hutofautiana kwa dakika chache juu ya lini hasa jua huhesabiwa kuwa limechomoza, acha dakika tano kila upande wa mpaka. Umefaulu ikiwa karatasi ina nafasi mbili: ya kwanza na ya akiba. Kwa mfano wetu, ya kwanza ni saa 2:07 hadi 4:53 asubuhi, na ya akiba ni saa 6:31 hadi 6:44 mchana.

Hatua ya 7: Kwa safari, tazama upande

Desturi huzuia kuanza safari kuelekea mashariki Jumatatu na Jumamosi, magharibi Jumapili na Ijumaa, kaskazini Jumanne na Jumatano, na kusini Alhamisi. Tiketi ikiwa imeshakatwa, ipo njia inayokubalika, iitwayo prasthana: katika saa njema iliyotangulia, toa mzigo mmoja utakaosafiri nao, uuweke kwa jirani, kisha uupitie siku ya kuondoka. Safari huhesabiwa kuwa imeanza mzigo ulipovuka mlango.

Hatua ya 8: Soma ishara za siku yenyewe

Ishara, yaani shakuna, husomwa tangu kutoka mlangoni hadi kufika, wala si wiki nzima. Anayezitafuta tangu Jumatatu kwa ajili ya Ijumaa atakuta kisirani kila pembe.

Zinazohesabiwa kuwa fali njema ni chungu kilichojaa maji, ng'ombe mwenye ndama, mlio wa kengele ya hekalu au wa baragumu la kombe, na matunda au maua yanayobebwa. Wengi hushangaa kusikia kwamba kukutana na jeneza njiani huhesabiwa na wengi kuwa heri kwa msafiri. Zinazosimamisha ni chungu kitupu, paka anayekatiza njia, kujikwaa kizingitini, na chafya moja wakati wa kutoka. Mwili ukicheza, kama jicho au mkono, upande wa kulia ni heri kwa mwanamume na wa kushoto kwa mwanamke. Mjusi akilia ukutani mtu anapotamka neno, neno hilo huchukuliwa kuwa limethibitishwa.

Orodha za zamani humtaja pia mjane kama ishara mbaya. Sioni sababu ya kuifuata hiyo: ni kumuongezea adhabu mtu aliyekwisha kufiwa, na mama mjane anayemwombea mwanawe dukani ana haki ya kusimama mbele ya wote.

Ishara mbaya haifuti muhurta. Rudi ndani, keti, kunywa maji, taja jina la mungu unayemwabudu, kisha toka upya. Wengi hula kijiko cha mtindi wenye sukari kabla ya kuvuka mlango. Ndiyo sababu nafasi uliyoiandika inapaswa kuwa na dakika za kutosha kuketi na kuanza tena.

Asubuhi ya siku yenyewe

Mpe pandit, yaani kuhani anayeongoza ibada, ile karatasi mapema. Katika sankalpa, kauli ya nia inayofungua ibada, atataja mahali, mwezi, nusu ya mwezi, tithi na siku. Akitamka tithi tofauti na yako, muulize ametumia kalenda ya mji gani kabla taa haijawashwa. Mara nyingi ni suala la hatua ya 3, na hurekebishika kwa dakika mbili.

Nafasi ya kwanza ikipita kwa sababu ya foleni au umeme, usiirefushe kwa kubahatisha. Ngoja ile ya akiba. Nayo ikipita, washa taa ya kawaida ya sala, wape wageni chakula, na uhamishe kitendo kile kimoja hadi tarehe inayofuata katika orodha yako, ambayo kwa wakati huo utakuwa umeshaipima.